Vitabu vya Kuchekesha Nyumbani

Baina ya kitabu cha picha anachosomewa mtoto wa miaka mitatu na riwaya anayojisomea kijana wa sekondari kuna vitabu vya aina ya pekee: hadithi ndefu kiasi, iliyokatwa katika sura fupi fupi, yenye michoro karibu kila ukurasa, na iliyoandikwa makusudi ili kuchekesha. Msomaji wake ni mtoto wa miaka sita hadi kumi, ambaye herufi na silabi anazijua lakini hajazoea kukaa na kitabu kirefu. Kurasa hufika mia moja au mia mbili, ila maneno ni machache kuliko unene wa kitabu unavyoonyesha, kwa sababu nafasi kubwa imechukuliwa na vibonzo, orodha, barua za kubuni na herufi nene za kupiga kelele. Yanayosimuliwa ni vituko vitupu. Mwalimu mkuu anavua nguo na kutoka mbio akiwa na chupi tu na pazia mgongoni. Nyumba iliyojengwa juu ya mti inaongezwa ghorofa kumi na tatu kila kitabu kipya kinapotoka. Msichana wa miaka tisa anambeba farasi mzima kwa mikono yake miwili.

Wazazi na walimu wengi huvivumilia vitabu hivi kwa shingo upande. Huvihesabu kuwa njia ya kumvuta mtoto hadi afikie vitabu vya maana, na wakishaona amevutika, huviondoa. Hesabu hiyo imekosea. Mtoto anayecheka mahali panapostahili amekwisha kufanya kazi ngumu kuliko zote katika kusoma: ameelewa jambo ambalo halikuandikwa.

Kwa anayesoma Kiswahili hoja hii ina uzito wa pekee. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi, na mwenye kuzijua silabi huweza kutamka karibu neno lolote, hata asilolifahamu. Mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma aya nzima kwa sauti bila kukwama, na asiambulie chochote. Mzazi anayemsikiliza kutoka jikoni ataridhika kwamba mwanawe anajua kusoma. Lakini mtoto huyo akifika kwenye mzaha akaupita kama anavyopita nukta, jambo linajulikana papo hapo. Na akianguka kwa kicheko, linajulikana vilevile. Hakuna mtihani wa ufahamu ulio mwepesi kuliko huo, na mtahiniwa hana habari kwamba anapimwa.

Chanzo cha kicheko cha mtoto kilielezwa vizuri na mwandishi wa Kirusi Kornei Chukovsky, katika kitabu chake kuhusu lugha ya watoto wadogo ambacho toleo la kwanza lilitoka mwaka 1928. Binti yake, kabla hajatimiza miaka miwili, alimjia siku moja akamtangazia kwamba mbwa hulia nyau. Kisha akacheka huku akimtazama baba usoni. Baba alianza kwa kumsahihisha: mbwa hubweka. Mtoto akarudia yaleyale, akacheka zaidi. Hapo ndipo Chukovsky alipotambua kwamba hapakuwa na kosa la kusahihisha, naye akaingia mchezoni: jogoo je, naye hulia nyau? Binti akafurahi kupita kiasi. Alikuwa amegundua kwamba ulimwengu anaoujua anaweza kuupindua kwa maneno, na kwamba aliyekaa mbele yake ameujua upinduzi huo. Mtu hafurahii kitu kilichopinduliwa kama hajui kilivyokuwa kimesimama. Ndiyo maana mzaha wa mbwa anayelia nyau humchekesha mtoto wa miaka miwili na kumchosha wa miaka minane, ambaye ujuzi huo kwake ni wa zamani mno kuuchezea.

Wa miaka minane anataka kupinduliwa kwa mambo makubwa zaidi: sheria, mantiki, madaraka ya wakubwa. Waswahili wanayo mifano mingi ya daraja hilo, na mmojawapo ni Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, na anapoirudisha ameweka kijisufuria ndani yake. Anasema sufuria imezaa. Jirani anapokea vyote viwili kwa furaha. Abunuwasi anaazima tena, na safari hii anakuja mikono mitupu kutoa rambirambi: sufuria imefariki. Jirani anakuja juu, sufuria hufaje? Anajibiwa kwamba aliyekubali kuwa imezaa hana budi kukubali kuwa imekufa. Hadithi haisemi popote kwamba jirani ameponzwa na tamaa, wala kwamba kukubali kwake kwa mara ya kwanza ndiko kulikomfunga mdomo mara ya pili. Mtoto anayecheka ameviunganisha vipande hivyo peke yake, kwa muda mfupi kuliko huu unaotumika kuvieleza.

Kwa upande wa maandishi, mfano unaolingana na huo umo katika hadithi za Arnold Lobel, Mmarekani aliyeandika na kuchora mwenyewe vitabu vya Frog na Toad, yaani chura wawili marafiki. Katika kitabu cha mwaka 1972, Toad anaandika orodha ya mambo yote atakayofanya siku hiyo, kuanzia kuamka, na kila anapomaliza jambo analipiga mstari. Upepo unavuma na kuipeperusha orodha. Rafiki yake anamhimiza aikimbilie. Toad anakataa, kwa kuwa kuikimbilia orodha hakumo katika orodha. Maneno yaliyotumika ni yale ya mtoto wa darasa la kwanza, na sentensi hazizidi pumzi moja. Kinachodaiwa kwa msomaji ni akili ya kuona kwamba Toad anafuata kanuni yake barabara, na kwamba kuifuata ndiko kunakomwangusha. Watu wazima wenye kazi za ofisini hucheka hapo kwa sauti kubwa kuliko watoto.

Vitabu vya kusomea havikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1954 mwandishi John Hersey alichapisha katika jarida la Life makala iliyovilaumu vitabu vya darasa la kwanza vya Marekani: watoto wenye adabu isiyo ya kawaida, mbwa safi, sentensi zinazorudia neno moja mara tatu, na hakuna kinachotokea. Alipendekeza kazi hiyo wapewe wachoraji wenye ubunifu, akimtaja Theodor Geisel, anayejulikana zaidi kwa jina la Dr. Seuss. Mchapishaji mmoja alimpa Geisel changamoto ya kuandika kitabu kwa maneno machache kutoka katika orodha ya maneno ya wanaoanza kusoma. Mwaka 1957 kikatoka The Cat in the Hat, kitabu kilichotumia maneno 236 tu, ambamo paka mwenye kofia ndefu anaivuruga nyumba wakati mama hayupo. Mwaka huohuo Else Holmelund Minarik na mchoraji Maurice Sendak walitoa Little Bear, ambacho kina hadithi nne na ukurasa wa yaliyomo mwanzoni. Ukurasa huo unaweza kuonekana kitu kidogo. Kwa mtoto wa miaka sita ni heshima kubwa, kwa sababu vitabu vya wakubwa ndivyo vyenye yaliyomo.

Hata hivyo, vingi vya vitabu vinavyopendwa zaidi havikuanzia kwa mchapishaji wala kwa mtaalamu wa elimu. Vilianzia nyumbani, kwa mtu mzima mmoja na mtoto mmoja anayejulikana kwa jina. Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, alitafuta kitabu cha kumpa mwanawe wa miaka mitatu kwa Krismasi ya 1844, akaviona vyote madukani vimejaa mahubiri, akanunua daftari tupu na kulijaza hadithi na michoro yake mwenyewe. Mwaka 1941 Karin, binti ya Astrid Lindgren wa Stockholm, alikuwa mgonjwa kitandani akamwomba mama amsimulie habari za Pippi Långstrump, jina alilolibuni papo hapo. Jina lilikuwa la ajabu, basi mama akaanza kusimulia msichana wa ajabu: mwenye nguvu za kumwinua farasi, anayeishi bila wazazi na kulala miguu ikiwa juu ya mto wa kulalia. Miaka mitatu baadaye Lindgren aliteguka kifundo cha mguu, akapata nafasi ya kuyaandika, na nakala ya kwanza akampa Karin kwa siku yake ya kuzaliwa ya kumi. Kampuni ya kwanza ya uchapishaji iliukataa mswada. Nyingine ilikitoa kitabu mwaka 1945, kikiwa na michoro ya Ingrid Vang Nyman.

Roald Dahl naye alikuwa akiwasimulia binti zake kabla ya kulala. Mwandishi huyu ana uhusiano na Waswahili ambao wasomaji wake wengi wa Afrika Mashariki hawaujui. Alifika Dar es Salaam mwaka 1938 akiwa kijana mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na vita vilipoanza mwaka uliofuata aliondoka kwa gari kwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Siku za Tanganyika alizisimulia baadaye katika Going Solo, kitabu cha mwaka 1986. Vitabu vyake vya watoto vilipata sura inayokumbukwa na wengi alipoanza kuchorewa na Quentin Blake mwaka 1978, wakaendelea pamoja hadi The Twits, The BFG na Matilda. Dahl ni mkali. Watu wake wabaya ni wachafu, wakatili, na huadhibiwa bila huruma. Mstari wa Blake ni mwepesi, wa kukwaruza, unaoacha karatasi nyingi nyeupe. Ukali huo ukichorwa kwa mkono mzito ungemtisha mtoto usiku. Kwa mkono wa Blake unachekesha, na hilo linatosha kuonyesha kwamba katika vitabu hivi mchoraji ni mwandishi wa pili.

Wafaransa walikwisha kulijua hilo. René Goscinny na Jean-Jacques Sempé walianza kuchapisha hadithi za Nicolas gazetini mwaka 1959, na kitabu cha kwanza, Le Petit Nicolas, kikatoka mwaka 1960. Nicolas anasimulia mwenyewe, kwa sentensi ndefu zisizopumua, jinsi yeye na wenzake walivyojitahidi kuwa watoto wazuri siku mpiga picha alipokuja darasani, na jinsi kila kitu kilivyoharibika. Haelewi kwa nini mwalimu analia. Mtoto anayesomewa anacheka kwa sababu ya vurugu. Mama anayesoma anacheka kwa sababu anamwelewa yule mwalimu. Wote wawili wamecheka kwenye mstari mmoja, kila mtu kwa lake. Kitabu cha namna hiyo ndicho kinachostahimili kusomwa mara kumi katika nyumba moja bila msomaji mzima kuchoka, na anayechagua kitabu dukani afungue ukurasa wowote aone kama yeye mwenyewe anatabasamu. Asipotabasamu, akirudishe.

Kizazi kinachosomwa sana leo kilianza mwaka 1997, Dav Pilkey wa Marekani alipotoa kitabu cha kwanza cha Captain Underpants, yaani Kapteni Chupi. Pilkey alizaliwa mwaka 1966 na alikuwa mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, na shida ya kutulia. Katika darasa la pili walimu walimtoa nje ya darasa mara nyingi kiasi kwamba aliwekewa dawati lake ukumbini, na hapo ndipo alipoanza kuchora vibonzo vyenye shujaa huyo wa chupi. Mashujaa wa vitabu, George na Harold, nao ni wanafunzi wanaochora vibonzo vyao wenyewe, vyenye makosa ya tahajia ya mtoto wa rika hilo. Wanamlaza mwalimu mkuu kwa pete ya kiini macho, na tangu hapo kila akisikia vidole vikialikwa anageuka kuwa Kapteni Chupi, hadi amwagiwe maji.

Kitabu hicho kina ufundi mmoja unaostahili kuelezwa kwa karibu. Mapigano hayasimuliwi. Msomaji anafika kwenye kurasa zilizoandikwa maagizo: weka mkono wa kushoto hapa, shika ukurasa wa kulia kwa kidole gumba hapa, kisha uufungue na kuufunga haraka haraka. Picha mbili zinazofanana, moja ngumi ikiwa nyuma na nyingine ngumi ikiwa imefika, zinapishana mbele ya macho, na mtu anaonekana akipigwa kweli. Mtoto mwenye shida ya kutulia, ambaye kila siku anaambiwa aache kuchezea vitu, anapewa kitabu kinachomwamuru akichezee. Katika nakala yoyote iliyopita mikononi mwa watoto wawili watatu, kurasa hizo ndizo zilizochanika.

Jeff Kinney alipita njia nyingine. Diary of a Wimpy Kid ilionekana kwanza kwenye intaneti mwaka 2004, kisha ikawa kitabu mwaka 2007, na mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 200. Kinney alikuwa amewakusudia watu wazima wanaokumbuka utoto wao. Mchapishaji ndiye aliyeona kwamba watoto watakitaka. Kurasa zimechapwa mistari kama daftari, maandishi yanafanana na mwandiko wa mkono, na Greg, mwenye daftari, anajieleza kuwa mwerevu anayezungukwa na wajinga. Michoro inamsuta. Anaandika kwamba alimsaidia rafiki yake. Picha inaonyesha rafiki akiumia. Mtoto anajikuta amejifunza, bila mwalimu, kwamba msimulizi anaweza kusema uongo na kwamba msomaji ana haki ya kutomwamini. Somo hilo wanafunzi wa fasihi hulipata wakiwa sekondari, tena kwa taabu.

Huko Australia, Andy Griffiths, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi, na mchoraji Terry Denton walianza mwaka 2011 na nyumba ya mtini yenye ghorofa 13. Kitabu cha pili kilikuwa na ghorofa 26, cha tatu 39, na wakaendelea hivyo hadi 169 mwaka 2023. Wahusika wakuu ni Andy na Terry wenyewe, ambao wamechelewa kumpelekea mchapishaji kitabu na wanapoteza muda kwa kila upuuzi. Ule upuuzi ndio unaokuwa kitabu. Watoto wengi wakimaliza huchukua karatasi na kuchora ghorofa zao. Ni dalili njema kuliko alama yoyote.

Kusoma vitabu hivi kwa pamoja kuna namna yake, na familia nyingi huigundua zenyewe baada ya jioni chache. Kwanza ni mahali pa kukaa. Hadithi ya kusimuliwa haijali msikilizaji amekaa wapi, lakini hapa nusu ya mzaha imo kwenye picha, na mtoto aliyekaa mkabala na msomaji anaiona juu chini. Watoto watatu na kitabu kimoja ni jambo la kawaida. Basi msomaji akae katikati ya mkeka, mgongo ukutani, wadogo wakiwa karibu zaidi na kitabu. Aliye mdogo kuliko wote apewe kazi ya kufungua kurasa. Kazi hiyo si ya kumbembeleza. Wachoraji wa vitabu hivi huficha kilele cha mzaha nyuma ya ukurasa, na mwenye kuufungua ndiye anayeshika pumzi ya wote.

Msomaji asikimbilie. Akifika mwisho wa ukurasa wa kulia anyamaze kidogo. Watoto watabashiri, watabishana, mmoja atajaribu kuchungulia. Sauti za wahusika zinafaa kutiwa chumvi, na aliyelelewa kwenye ngano hahitaji kufundishwa hili: sungura ana sauti yake, fisi ana yake, na hadhira huitikia. Kitabu cha Mo Willems cha mwaka 2010, ambamo tembo Gerald na rafiki yake nguruwe wanagundua kwamba kuna mtu anawasoma na kuamua kumlazimisha atamke neno la kipuuzi, kinategemea itikio hilohilo. Anayesoma kwa sauti hana ujanja. Neno limeandikwa, lazima alitamke, na watoto wanaangua kicheko kwa kumwona mkubwa ametiishwa na kitabu.

Jambo linaloharibu zaidi ni maswali. Mzazi mwenye nia njema husimama kila ukurasa kuuliza: umeelewa? Tumejifunza nini? Kwa nini amefanya hivyo? Mzaha ukielezwa unakufa, na mtoto anahisi kwamba ameingizwa darasani kwa mlango wa nyuma. Ikiwa kuna asiyecheka wakati wenzake wanacheka, njia bora ni kumwacha ndugu yake amweleze. Maelezo ya mtoto kwa mtoto huwa marefu, yamechanganyika, na yamejaa vicheko, nayo humfikisha mwenzake pale ambapo maelezo ya mzazi hayamfikishi. Kurudia nako kusizuiwe. Mtoto anayetaka sura ileile kwa mara ya tano anajua kitakachotokea na anataka kukingoja. Mara ya tano ndipo anapoanza kuyasoma maneno yeye mwenyewe, kwa kuwa tayari anayajua kwa kichwa, na jicho linaanza kufuata ulimi. Baadaye atanyang'anya kitabu. Hapo mzazi anyang'anywe kwa moyo mweupe, ageuke kuwa msikilizaji, na acheke kwa dhati.

Mkubwa asiyejua kusoma ana nafasi katika jambo hili. Bibi ambaye hakupelekwa shule anaweza kufuata kitabu chenye picha kila ukurasa huku mjukuu akimsomea, na anaweza kuona kwenye picha jambo ambalo mjukuu amelipita mbio. Tena katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, babu na bibi ndio watani wa wajukuu zao. Mizaha ambayo mtoto hawezi kuitoa mbele ya baba anaweza kuitoa mbele ya babu. Vitabu vinavyotaja makamasi na upepo wa tumbo vina makao tayari katika uhusiano huo, na mzazi anayeona haya kuvisoma anaweza kumwachia mama yake kazi hiyo bila kuvunja adabu ya nyumba.

Lawama dhidi ya vitabu hivi ni za zamani. Chukovsky alishambuliwa mwaka 1928 katika gazeti la Pravda na Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin, aliyeona kwamba shairi lake la mamba ni upuuzi usiomjenga mtoto wa Kisovieti. Marekani, mfululizo wa Captain Underpants uliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kwenye maktaba mwaka 2012 na 2013, kwa madai ya lugha isiyofaa. Wapo pia wanaovilaumu vitabu hivi kwa tahajia mbovu na kwa kudharau wakubwa. Dai la tahajia mbovu halina nguvu: mtoto hawezi kucheka neno lililoandikwa vibaya kama hajui linavyoandikwa. Dai la kudharau wakubwa linahitaji kutazamwa zaidi, kwani ni kweli wakubwa wa humo hufedheheshwa. Lakini mtoto anayemcheka mwalimu mkuu wa kitabuni huku amekaa ubavuni mwa baba yake hajifunzi kumdharau baba. Anajifunza kwamba baba naye huweza kucheka mambo ya madaraka.

Lawama moja inastahili kukubaliwa. Baadhi ya mizaha humcheka mtu kwa unene wake, sura yake, au ulemavu wake, na mtoto mwenye maumbile hayo anapokuwa msikilizaji, kicheko cha wengine humwumiza. Mwaka 2023 wachapishaji wa Dahl walitangaza matoleo yaliyobadilishwa maneno ya aina hiyo, kukawa na malalamiko makubwa, wakaamua kuyachapisha na ya asili vilevile. Nyumbani uamuzi ni mwepesi zaidi. Msomaji anaiona sentensi kabla ya wasikilizaji, anawajua waliokaa mkekani, na ana uhuru wa kuiruka au kuigeuza. Wasimulizi wa ngano wamefanya hivyo tangu zamani.

Rafu ya Kiswahili ina vitu vya kuchekesha, ingawa vimetawanyika. Alice ya Lewis Carroll ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri upya, ikachapishwa mwaka 2015. Hekaya za Abunuwasi zimechapishwa mara nyingi, na mwaka 1996 mchora katuni Gado, Mtanzania anayefanya kazi Kenya, alizitoa kwa vibonzo mjini Nairobi. Wasomaji wa Taifa Leo wamekua na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Wa Tanzania wamekua na jarida la Sani, ambamo Madenge, mtoto mtundu asiyetulia, alikuwa akifuatwa na watoto na wazazi wao pia. Kwa Kiingereza, Barbara Kimenye aliyeishi Uganda na Kenya aliandika kuanzia miaka ya 1960 mfululizo wa Moses, mwanafunzi wa bweni anayeingia matatani kila sura, ambao umesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Kinachoonekana hapo ni kwamba vipaji havikosekani. Wachoraji wapo, na baadhi yao ni hodari kuliko wengi wanaouzwa ulimwenguni. Utani upo kila barazani. Kilichokosekana ni kuviweka pamoja katika kitabu cha kurasa mia moja, kwa ajili ya mtoto wa darasa la tatu, kisichoishia kwa onyo dhidi ya uvivu. Vitabu vingi vya ziada vinavyopelekwa shuleni huchaguliwa kwa mafunzo yake, na mwandishi anayetaka kununuliwa hujifunza mapema kutia funzo mwishoni. Mzaha unabaki magazetini, ambako mtoto anausoma kwa kuazima gazeti la baba.

Wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wanaweza kulirekebisha hili kwa kumkalisha mwandishi mmoja na mchora katuni mmoja kwenye meza moja tangu siku ya kwanza, wala si kumtafuta mchoraji baada ya mswada kukamilika. Kitabu kimoja hakitoshi. Mtoto aliyecheka hadi ukurasa wa mwisho huuliza cha pili kiko wapi, na cha pili kiwe tayari.